Bolti za Injini: Zipi Zirudi, Zipi Zitupwe?

Kijana mmoja anayejifunza ufundi wa motokari ametuletea swali, nasi tumeona lafaa kujibiwa mbele ya wote, maana wengi kati yenu mna motokari ya kazi, au kila juma mwapanda lori la mwenzenu kwenda sokoni. Yeye auliza hivi: injini ikiisha kufunguliwa yote, ikaoshwa, ikatiwa pistoni na beringi mpya, je, bolti zake za zamani zaweza kurudishwa, au yapasa kununua nyingine? Na zikinunuliwa, mtu atajuaje kama amepewa zile zinazostahili injini yake?

Swali hili ladhaniwa kuwa dogo. Katika karakana nyingi mtaona kopo kuukuu la maziwa limejaa bolti za kila namna, zilizotolewa katika motokari zilizokufa zamani. Fundi hutia mkono humo, hupapasa, huipata moja inayoingia tunduni, huikaza, huendelea na kazi. Kwa kufunga kibao cha namba, haidhuru kitu. Lakini ndani ya injini zimo bolti zinazobeba mzigo wa mashini yote, na pengine uhai wa watu wanaoketi nyuma juu ya magunia ya muhogo. Baba wa jamaa aliyeweka akiba miaka miwili ili injini yake itengenezwe aweza kuipoteza yote barabarani kwa ajili ya kipande cha chuma kisichopita urefu wa kidole.

Kwanza yatupasa kuelewa bolti hufanya kazi gani. Watu wengi huifikiri kama msumari, yaani kitu kigumu kinachozuia vipande viwili visiachane. Sivyo. Bolti ya injini ni kama springi. Ukiikaza, mwili wake huvutika, hurefuka kidogo sana kiasi kisichoonekana kwa macho, na kwa kuwa hutaka kurudi urefu wake wa kwanza, huvibana vile vipande kwa nguvu kubwa. Bolti moja ya unene wa milimita 10, ya chuma cha daraja la 8.8, ikikazwa kwa haki, hubana kwa nguvu ya tani 2 na nusu hivi. Hiyo ndiyo kazi yake, kubana. Maadamu nguvu ya kubana yapita nguvu ya kutenganisha, bolti yenyewe haisikii mageuzi makubwa. Lakini ikilegea, kila mvuto waipiga yote kamili, mara kwa mara, mpaka chuma kinachoka na kukatika, sawasawa na waya unaokunjwa na kukunjuliwa mkononi. Ndiyo maana bolti nyingi zilizokatika hazikukatika kwa sababu zilikazwa mno, ila kwa sababu hazikukazwa vya kutosha.

Sasa tutazame zile mbili zinazofunga mkono wa pistoni kwenye krenkishafti. Hizo ndizo zenye taabu kupita zote. Wanafunzi wanaopenda hesabu waihakikishe hii: pistoni na vitu vilivyo pamoja nayo vina uzito wa gramu 600, mwendo wake kutoka chini hadi juu ni milimita 90, injini yazunguka mara 3,000 kwa dakika. Pistoni ikifika juu lazima isimame, igeuke, irudi chini. Nguvu ya kuizuia isiruke juu ni sawa na uzito wa kilo 270, na huzidi hapo kwa robo hivi, kwa sababu ule mkono huenda ukiinama huku na huku. Tena jambo hili hutukia hasa wakati pistoni imekwisha kusukuma moshi nje, wala hakuna mlipuko juu yake wa kuikandamiza. Hapo bolti mbili ndizo zinazoishika. Kwa mwendo huo hutukia mara 90,000 kwa saa moja. Na dereva akizidisha mwendo hata mizunguko 6,000, nguvu haiwi mara mbili tu; huwa mara nne, yaani kilo 1,080 na zaidi. Vijana wanaopenda kuinguruma injini motokari ikiwa imesimama, ili wasichana wasikie, wafikiri kidogo juu ya hesabu hiyo.

Bolti ya mkono ikikatika, mkono waachana na krenkishafti, huzunguka ndani kama rungu, na mara nyingi hutoboa ubavu wa bloki. Hapo hakuna tena kutengeneza. Basi jibu letu juu ya bolti hizo ni fupi: kila injini ikijengwa upya, zinunuliwe mpya, za mtengenezaji wa injini ile au za kiwanda kinachoaminika, wala zisitafutwe katika kopo la maziwa. Gharama yake ni ndogo sana ukiilinganisha na ile ya pistoni na kazi ya fundi.

Mtu atazitambuaje bolti? Tazameni kichwa chake. Bolti za vipimo vya mita huwa na namba mbili zenye nukta katikati: 8.8, au 10.9, au 12.9. Namba hizo si mapambo, wala si namba za kiwanda. Ya kwanza, ukiizidisha kwa 100, yaeleza nguvu ya kukikata chuma kile: 8 ni megapaskali 800, 10 ni 1,000, 12 ni 1,200. Ya pili yaeleza ni sehemu gani ya nguvu hiyo chuma huweza kuvumilia kabla hakijavutika kabisa bila kurudi: .8 ni sehemu nane za kumi, .9 ni sehemu tisa. Kwa hiyo 10.9 hukatika kwenye 1,000, lakini huanza kuharibika kwenye 900. Bolti za inchi, za namna ya Kimarekani, hazina namba ila mistari inayotoka katikati kama miali ya jua: tatu ni daraja la 5, sita ni daraja la 8, isiyo na mstari wowote ni chuma cha kawaida cha kufungia mlango na ua. Daraja la 5 lakaribia 8.8, na la 8 lakaribia 10.9.

Neno la kushika ni hili: msishushe daraja kamwe. Mahali palipokuwa na 10.9 msitie 8.8, hata kama yaingia vizuri. Lakini tusidhani pia kwamba kupandisha daraja daima ni heri. Wako mafundi wanaojivuna kwamba wao hutia 12.9 kila mahali. Chuma kikiwa kigumu mno huwa pia chepesi kuvunjika kikiguswa na kutu. Na bolti za daraja hilo, zikipakwa zinki kwa umeme pasipo kuokwa baadaye, zaweza kukaa salama siku kadhaa kisha zikakatika zenyewe usiku motokari imelala, kwa sababu hewa iitwayo hidrojeni imeingia ndani ya chuma. Tena, kama tundu lenyewe ni la aluminiamu, bolti ngumu haiongezi kitu. Kitakachong'oka ni meno ya tundu. Mtengenezaji alichagua kwa kupima, nasi hatuna mizani yake.

Na zile za chuma kisichoshika kutu, zing'arazo kama vijiko vya arusi? Nyingi hazifikii nguvu ya 8.8, maana alama yake A2-70 ni megapaskali 700 tu, na hupenda kushikamana na nati zikikazwa hata zisifunguke tena. Zaweza kufaa kwa vifuniko vya nje. Ndani ya injini zisionekane.

Hapa tufike kwenye hesi, yaani ule mfereji unaozunguka mwili wa bolti na kufanya kama meno. Hasara nyingi katika karakana zetu zatoka hapa, kwa sababu motokari za kwetu zimetoka nchi nyingi. Mwingereza Joseph Whitworth mwaka 1841 ndiye aliyetangaza mpango wa kwanza wa hesi moja kwa nchi nzima, wenye meno ya pembe ya digrii 55. Wamarekani tangu mwaka 1864 wakashika pembe ya digrii 60. Mwaka 1948 Uingereza, Marekani na Kanada zikapatana juu ya hesi moja ya inchi, iitwayo Unified. Wakati huo Wafaransa, Wabelgiji na Wajerumani walikuwa na hesi za milimita, na Wajapani hufanya vivyo hivyo. Land Rover zilianza kuuzwa katika mwaka huo huo wa 1948 zikiwa na hesi za Kiingereza za kale, kisha polepole zikahamia Unified. Basi katika motokari moja ya zamani waweza kukuta ndugu wa mama mbalimbali. Toyota Land Cruiser yenyewe ni ya milimita.

Hatari yake ni hii. Bolti ya inchi iitwayo 5/16 ina unene wa milimita 7.94, na ile ya M8 ina milimita 8. Kwa jicho ni moja. Lakini ya kwanza ina meno 18 katika inchi, yaani milimita 1.41 toka jino hata jino, na ya pili kwa kawaida ni 1.25. Ukiitia moja katika tundu la nyingine, huingia mizunguko miwili au mitatu kwa kidole, kisha hukaza. Fundi asiye na subira huchukua spana na kusema, «Ni kutu tu.» Basi huvunja meno yote. Na hata kati ya bolti za milimita zenyewe, M10 zapatikana kwa hatua ya 1.5 na kwa hatua ya 1.25, motokari za Kijapani hupenda sana hii ya pili. Tuliofundishwa Kilatini twakumbuka jinsi herufi moja mwishoni mwa neno inavyogeuza maana yote; hesi nazo ni hivyo hivyo.

Kipo kifaa kidogo cha kupimia, kama kisu cha mfukoni chenye majani mengi yenye meno, kila jani na hatua yake. Bei yake si kubwa, nasi twaona hakuna fundi anayestahili jina hilo asiyekuwa nacho. Asiyekuwa nacho leo afanye hivi: achukue bolti inayojulikana, ailaze ubavuni mwa ile asiyoijua, meno kwa meno, aishike kuelekea mwanga wa dirisha. Meno yakiingiana toka mwanzo hata mwisho bila kuacha nafasi, hatua ni moja. Tena kanuni ya vidole haishindwi: bolti safi katika tundu safi lazima iingie yote kwa vidole. Ikikataa, itolewe.

Urefu nao una neno lake. Bolti ndefu kuliko haki yake hugota chini ya tundu kabla kichwa hakijabana. Spana huona ugumu, fundi huridhika, kumbe hakuna kilichobanwa. Fupi nayo hushika meno machache. Katika tundu la chuma cha pua urefu wa hesi unaoshika usipungue unene wa bolti yenyewe. Katika aluminiamu uwe mara moja na nusu, hata mara mbili. Tena tazameni umbo la mwili. Bolti nyingine zimefanywa nyembamba kiunoni kwa makusudi, ili zivutike vyema kama springi. Nyingine zina sehemu laini iliyochongwa kwa kipimo kamili, nayo ndiyo inayoweka kifuniko cha beringi mahali pake pasipo kuyumba. Kutia bolti yenye hesi toka juu hadi chini mahali pa namna hizo ni kosa kubwa, hata kama daraja na unene vyalingana.

Sasa bolti za kichwa cha silinda. Katika injini za zamani zilikazwa kwa kipimo cha spana tu, nazo zaweza kurudishwa zikiwa nzima. Lakini injini nyingi za miaka hii zina bolti zinazokazwa kwa namna nyingine: kwanza kwa kipimo kidogo, kisha huzungushwa kwa pembe, kwa mfano digrii 90, na tena digrii 90. Kwa kufanya hivyo bolti huvutwa mpaka kwenye ukomo wake wa kunyumbuka, hata kuupita kidogo, ili zote zibane kwa nguvu moja. Bolti iliyovutwa hivyo hairudi tena urefu wake. Kuirudisha mara ya pili ni kuifanya ivutike juu ya mvuto wa kwanza, na siku moja itakatika mkononi mwa fundi, au, lililo baya zaidi, itashika kwa unyonge mpaka gasketi iungue na maji yaingie katika mafuta. Kitabu cha injini kikitaja digrii, nunueni mpya. Wako watengenezaji wachache wanaoruhusu kuzirudisha zikipimwa urefu na kuonekana hazikupita kiasi fulani. Hapo fuateni kiasi kile kilichoandikwa, si makadirio.

Kwa zile zinazoweza kurudi, uchunguzi wake si mgumu. Zioshwe kwa petroli au mafuta ya taa, zikaushwe, zitazamwe kwenye mwanga shingoni chini ya kichwa na mahali hesi inapoanzia, maana huko ndiko nyufa huzaliwa. Kisha chukueni nati mpya, izungusheni kwa vidole toka ncha hata mwisho wa hesi. Ikipita laini, vema. Ikienda laini, ikakaza katikati, kisha ikalegea tena, bolti imevutika hapo; meno yake hayako tena kwenye hatua yao. Itupwe, tena itupwe mbali, isirudi katika kopo. Yenye kutu iliyokula vishimo, itupwe. Iliyopinda isinyooshwe kwa nyundo.

Bolti za gurudumu zito lililo nyuma ya krenkishafti kwa kawaida hununuliwa mpya. Katika injini nyingine matundu yake hupenya mpaka ndani penye mafuta, basi hesi zipakwe gundi ya kuzuia. Za moshi zivumilie moto, na nati zake zikiwa za shaba nyeupe au zimepakwa shaba zitafunguka hata baada ya miaka. Za bakuli la mafuta na vifuniko vidogo, ziosheni na kuzirudisha, wala msipoteze fedha.

Lakini fedha zikitumika, zinunue kitu cha kweli. Alama za kichwani zaweza kuigwa, wala si jambo la masoko yetu peke yake. Huko Marekani ilionekana katika miaka ya 1980 kwamba bolti nyingi zenye mistari sita hazikuwa za daraja la 8 halisi, bali za chuma cha bei nafuu kilichopoteza nguvu mahali pa joto; mwaka 1990 ikatungwa sheria juu ya bolti peke yake. Kichwani, pamoja na namba, pawe na alama ya kiwanda kilichoifanya. Yenye namba bila alama ya mwenyewe ni ya kushukiwa. Herufi zilizofifia, vichwa visivyolingana katika pakiti moja, hesi yenye makovu: muuzaji akikwambia yote ni sawasawa, mshukuru, uende zako. Twamjua mwenye lori mmoja aliyepewa sokoni bolti za mkono kwa nusu ya bei. Fundi wake, mtu mzee asiyesoma sana, aliweka moja katika jiliwa, akaivuta kwa spana, ikazunguka kama mua ulioiva. Zile nyingine hazikuingia injinini.

Yabaki kuzikaza. Kwa kila nguvu ya mkono itiwayo kwenye spana, sehemu tisa kwa kumi hivi humezwa na msuguano chini ya kichwa na katika hesi. Moja tu ndiyo inayovuta bolti. Kwa hiyo uchafu kidogo, au kutu, wageuza yote: spana yaonyesha kipimo kile kile, lakini bolti imebana nusu. Kinyume chake, mtu akipaka mafuta mahali kitabu kilipotaka pakavu, atavuta bolti kupita kiasi. Someni kama kitabu chasema kavu au yenye mafuta, mfuate hivyo. Matundu yasafishwe kwa kifaa cha kusafishia hesi, si kwa kile cha kukatia hesi mpya, ambacho hupunguza meno. Tundu lisilopenya likiwa na mafuta au maji chini, bolti ikishuka huyasukuma, nayo hayana pa kwenda. Tumeona bloki iliyopasuka hivyo, na mwenye motokari akidhani chuma kilikuwa kibovu tangu kiwandani.

Kichwa cha silinda hukazwa kuanzia katikati kwenda nje, huku na huku, kwa awamu, si bolti moja hadi mwisho kisha nyingine. Katika injini za zamani, baada ya injini kupata moto mara ya kwanza na kupoa, bolti hukazwa tena kama kitabu kinavyoagiza. Zile za pembe haziguswi tena. Mtu akizikaza mara ya pili ili alale usingizi, amezivuta kupita pale zilipotakiwa kukaa.